Jedwali Lisilo na Breki

Hebu mwone anavyokuja. Mwanamke mfupi, mabega mapana, ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, anavuka barabara kutoka gereji ya mabasi kuelekea duka la kinyozi lililo mkabala. Kitambaa cha kufutia mikono kinaning'inia mfuko wa nyuma kama mkia. Anatembea haraka, lakini si haraka ya mwenye shida; ni haraka ya mtu ambaye mapumziko yake ya mchana ni nusu saa na ameshatumia dakika tano kunawa mikono. Anatabasamu peke yake. Mtazame vizuri angali anatabasamu, maana leo hutaliona tena tabasamu hilo.

Gerejini wanamwita Spana. Kazi yake ni breki, breki tupu, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Injini ina wenyewe, umeme una wenyewe, lakini basi halitoki getini mpaka Spana awe ameingia chini yake na kutoka. Ana mtindo wake wa kazi ambao wenzake wanaucheka kisha wanauiga kimyakimya: kila nati anayoikaza, anaipiga mstari mmoja wa chaki, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilichoishika. Nati ikilegea, mstari unakatika, unaonekana. Nati isiyo na mstari, kwake yeye, haijakazwa.

Sasa, kila Jumapili mchana, kinyozi akishafunga duka, Spana huenda angani. Usicheke. Ni mchezo. Wanakaa wanne kuzunguka meza ya nyuma ya pazia. Kinyozi, ambaye wote wanamwita Wembe, ndiye msimulizi: anawaambia wako wapi na kumetokea nini. Wengine watatu wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale penye mashaka wanarusha kete. Chombo chao ni meli ya mizigo ya angani, kuukuu, inaitwa Kiroboto. Dada yake Spana, mkata tiketi wa kampuni hiyohiyo ya mabasi, ni daktari wa chombo, na ugonjwa wowote anautibu kwanza kwa kumgombeza mgonjwa. Mume wa dada, yaani shemeji yake Spana, dereva wa basi namba kumi na nne, ndiye nahodha.

Huyo shemeji nahodha ana sifa moja. Siku moja mwezi wa pili, Kiroboto ilitobolewa na jiwe. Nahodha akawaambia wenzake, "Laleni, nimeshaziba." Wakalala. Kumbe hakuwa na cha kuzibia. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye tundu, akakaa hivyo usiku mzima wa mchezo. Wembe alipowafunulia siri hiyo, dada alimpiga mumewe kofi la bega. "Muongo mkubwa wewe!" Shemeji akajibu, "Si mlilala?"

Na Spana? Spana huko angani hakutaka kusikia habari za nati. Yeye ndiye mwelekezaji wa safari. Mwanzoni walikuwa wanagombana kila Jumapili: kutoka sayari hii mpaka ile ni siku ngapi? Wembe anasema tatu, shemeji anasema kumi, dada anasema nyamazeni. Basi Spana akachimbua kitabu chake cha sekondari, akanunua kikokotoo, akachora jedwali. Umbali hapa, nguvu ya injini pale, siku za safari kule. Injini inasukuma bila kukoma, mwendo unazidi kila siku, kwa hiyo utafika baada ya siku kadhaa. Akakagua mara tatu. Wembe akalibandika kando ya kioo chake kikubwa, na kwa miezi minane hakuna aliyegombana.

"Karibu, Spana. Kaa," alisema Wembe mchana huo. Duka lilikuwa tupu.

"Sikai, nitakuchafulia kiti. Umeniitia nini? Usiniambie umekata mtu sikio."

"Bado. Ila nyinyi mnakufa Jumapili."

"Tunakufaje? Safari ni siku saba, hewa tunayo ya siku nane. Jana tumefika siku ya tano. Nimekuwa nikiihesabu hiyo hewa tangu asubuhi."

Wembe alipangusa kiti kwa taulo, akamwelekeza kwenye jedwali. "Asubuhi nilikuwa na mwalimu wa fizikia hapa. Nusu ya kichwa nimeshanyoa, nusu bado. Anasoma hilo jedwali lako, anatikisa kichwa, nusura nimchane. Akaniuliza, hiki chombo kinasimamaje?"

"Kinasimamaje vipi?"

"Nami nilimuuliza hivyohivyo. Akasema: injini inasukuma siku saba, mwendo unazidi siku saba, siku ya saba mmefika kweli, lakini mmefika kwa mwendo wa risasi. Mnaupita huo mwezi mnaoendea, mnaupungia mkono. Ili usimame lazima ukifika nusu ya njia ugeuze chombo, usukume kinyume. Safari ni siku kumi, si saba. Jedwali zima lina kosa hilo."

Spana alisogea mpaka pua yake ikakaribia karatasi. Akasoma safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wembe alikuwa ameshaanza kutetemeka mabega.

"Fundi breki," alisema kwa shida, "fundi breki kasahau breki!"

Akacheka mpaka akakaa yeye kwenye kiti cha wateja. Spana naye akacheka, kweli, kwa sauti. Miezi minane! Mara tatu kakagua! Akatia mkono mfuko wa kushoto atoe kitambaa afute machozi, akakumbuka kitambaa kiko mfuko wa nyuma. Mfukoni mle vidole vyake vilikuta kipande cha chaki.

Kicheko kikakatika.

Maana asubuhi ile, chini ya namba kumi na nne, alikuwa amebadilisha hosi, ule mpira wa kupitishia mafuta ya breki, ya gurudumu la nyuma kushoto. Ukibadilisha hosi, hewa inaingia kwenye mafuta, na lazima uitoe. Kuna nati ndogo nyuma ya gurudumu. Unailegeza, mtu anakanyaga pedali, hewa inatoka inatema povu, unakaza. Tena. Tena. Aliyekuwa akimkanyagia pedali ni shemeji mwenyewe. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Na katikati ya hayo walikuwa wanapiga soga juu ya hewa ya Kiroboto. Mara ya mwisho povu lilikuwa limekwisha, mafuta yanatoka safi, na hapo hapo hesabu ikamjia. Akajivuta kutoka chini, akachukua chaki, akaandika tarakimu sakafuni asije akaisahau. Msimamizi akapiga kelele kwamba abiria wanangoja. Akanawa. Shemeji akawasha gari, akampungia mkono, akaondoka saa nne kamili.

Tarakimu aliikumbuka. Aliiona kabisa, nyeupe juu ya saruji. Nati hakuikumbuka.

"Spana?" Wembe alikuwa ameacha kucheka. "Ni mchezo tu bwana. Tutapanga."

"Saa ngapi sasa hivi?"

"Sita na dakika kumi. Kwani..."

Hakusikia kilichofuata. Alishavuka barabara, na safari hii ilikuwa haraka ya mwenye shida.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kichwani mwake, ili umwelewe. Nati ile ikiachwa imelegea robo mzunguko, mafuta hayamwagiki. Yanajikamua tone moja kila mguu unapokanyaga. Getini pedali iko ngumu kama jiwe, dereva anaondoka ameridhika. Inashuka kidogokidogo, njia nzima. Na njia ya namba kumi na nne ni tambarare kilomita mia moja na ishirini mpaka mji mdogo, kisha unakuja mteremko ambao madereva wanauita Ngazi. Kona baada ya kona, ukuta wa mawe kushoto, kulia hakuna kitu. Abiria thelathini. Na mume wa dada yake.

Alimpigia simu huku anakimbia. Ilikuwa imezimwa. Shemeji hupokea simu akishasimama tu, akiendesha, huizima. Dada ndiye aliyemwapisha hivyo, na Spana ndiye aliyepiga makofi.

Dada alikuwa kwenye kibanda chake cha tiketi, anapiga mhuri. Alipoinua macho akamwona mdogo wake, mhuri ulibaki hewani.

"Nani kafa?"

"Hakuna. Dada, toka kidogo."

"Nina watu. Semea hapo."

Spana akapenyeza kichwa kwenye kidirisha, akanong'ona. Dada alisikiliza, akamwangalia kama mtu anayesoma tiketi yenye tarehe ya jana.

"Hukumbuki ni nini? Ulikaza au hukukaza?"

"Sijui."

"Mstari wako je? Si unapiga mstari?"

"Sikumbuki mstari. Chaki niliitumia sakafuni."

"Baba watoto wangu yumo kwenye lile gari."

"Najua, dada."

"Hujui!" Kisha dada akafunga kidirisha, watu wakaguna nje, akavuta simu ya mezani. Pale mji mdogo kampuni ilikuwa na wakala wa vifurushi, mzee mmoja mwenye meza na mwavuli kando ya barabara. Iliita mara nane. Spana alizihesabu.

"Haloo! Mzigo gani?" Sauti ya mzee ilijaza kibanda.

"Si mzigo, mzee wangu. Namba kumi na nne imepita?"

"Kumi na nne... ngoja nitazame daftari..."

"Usitazame daftari! Tazama barabara!"

Spana alikuwa ameshapiga hesabu. Kilomita mia na ishirini, mwendo wa sitini, saa mbili. Aliondoka saa nne. "Ameshapita," alisema. "Saa sita kamili alikuwa hapo. Sasa yuko kona ya pili, ya tatu. Dada, ameshaanza kushuka."

"Wewe unahesabu nini?"

"Umbali kwa mwendo."

"Kwani hasimami?" Dada aliziba simu kwa kiganja. "Anasimama mizani. Anasimama sokoni kupakia. Anasimama anywe chai, na chai yake wewe unaijua. Miaka tisa nangoja simu yake kutoka mji mdogo, haijawahi kunifikia kabla ya saa saba kasorobo. Unahesabu kama gari halisimami!"

Kosa lilelile. Spana alilisikia likipita mwilini kama maji baridi. Kosa lilelile mara mbili ndani ya saa moja, na mtu mwenye kosa hilo ndiye anayetuma mabasi yaende Ngazi.

"Haijapita," alisema mzee kwenye simu. "Kwani ina nini?"

"Isimamishe, baba. Isipite hapo."

"Niisimamishe mimi? Mimi ni trafiki?"

"Weka meza yako katikati ya barabara! Weka na mwavuli! Akigonga tutalipa!"

Mzee alikata simu, hawakujua kama ameelewa au amekasirika. Walikaa mle kibandani, wawili kwenye kiti cha mmoja, goti kwa goti kama walivyokuwa wakikaa utotoni mvua ikipiga bati. Wateja walikuwa wanagonga kidirisha. Dada hakumgombeza tena, na hilo ndilo lililomtisha Spana kuliko yote. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde unaosita kabla ya kuruka. Saa sita na nusu. Saa saba kasorobo. Saa saba kasoro dakika tisa. Dada alikuwa amekamata mkono wa mdogo wake bila kujua, kucha zimeingia.

Simu ya Spana ikalia.

"Shem," alisema shemeji, na nyuma yake kulikuwa na watu wengi wanaongea kwa pamoja, "kuna nini huko? Huyu mzee amekaa katikati ya lami, amefungua mwavuli."

Dada akampokonya Spana simu. "Uko mzima?"

"Nina njaa."

Spana akaipokonya tena. "Shemeji. Nisikilize. Pedali ikoje?"

Kimya kidogo. Si kirefu, lakini baadaye Spana alikipima mara nyingi kichwani, na kila mara kilikuwa kirefu zaidi.

"Iko sawa," alisema shemeji.

"Ile nati ya nyuma kushoto, sikumbuki kama niliikaza. Naogopa."

"Mbona ulisema tayari? Nilikuuliza, tayari? Ukasema tayari."

"Nilisema. Sijui nilisema nikiwaza nini. Usishuke. Weka mawe kwenye matairi, usiguse kitu mpaka nije."

"Hawa abiria watanila."

"Wakule."

Alifika saa tisa kasoro dakika kumi kwa basi la akiba, msimamizi akiwa kwenye usukani. Njia nzima Spana alikuwa ameshika spana namba kumi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mshumaa. Abiria walikuwa wametandaa kivulini kando ya ukuta. Mama mmoja mwenye ndoo alimwangalia kutoka viatu mpaka kichwani. "Kumbe fundi mwenyewe ndiye huyu? Saa mbili tunaota jua kwa ajili yako, mama!" Mwingine akasema bora kuota jua kuliko kuota ndoto ambayo huamki, na watu wakacheka, na Spana akataka ardhi ipasuke.

Hakumsalimu shemeji. Alilala chali, akajisukuma chini ya gari, akawasha tochi.

Nati ilikuwa kavu. Aliipitishia kidole: kavu kabisa. Aliweka spana, akavuta. Haikusogea hata unywele. Na mstari ulikuwepo. Mweupe, umenyooka, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma.

Alibaki pale chini na mashavu yake yakalowa, machozi yanashuka kuelekea masikioni. Hakuna aliyemwona ila mzee wa vifurushi, aliyekuwa ameinama kuchungulia. "Kumekucha huko?" aliuliza mzee. Spana akasema kumekucha.

Alipofungua kopo la mafuta ya breki, mafuta yalikuwa yamepungua kiasi cha upana wa kidole. Hosi mpya hunywa kidogo. Na asubuhi huenda hakulijaza mpaka mwisho; hilo nalo hakulikumbuka. Akalijaza.

"Basi?" aliuliza msimamizi.

"Iko sawa."

Msimamizi alipumua kwa pua. "Wiki moja utakaa nyumbani. Si adhabu. Ukalale." Akaenda kuwaomba radhi abiria.

Shemeji alikuwa ameegemea mlango wa dereva. "Nilijua," alisema.

"Kama ulijua, mbona ulisimama?"

"Kwa sababu ulisema hujui. Fundi wangu akisema hajui, mimi nasimama." Akamnyooshea mkono amsaidie kupanda ngazi ya basi la akiba, na Spana akaushika.

Aliachia mkono ule, akatazama kiganja chake mwenyewe. Kulikuwa na vumbi jeupe.

Sasa, tusimhukumu mtu haraka. Shemeji huandika namba za vifurushi kwa chaki. Iko siku zote mfuko wa shati lake. Na kwenye sanduku lake la gari kuna spana zote, pamoja na namba kumi. Alikaa na lile gari saa mbili peke yake, abiria wakiwa kivulini wanalalamika, na mzee wa vifurushi akirudisha meza yake mahali pake. Spana alijaribu kuukumbuka ule mstari aliouona kwa tochi. Ulikuwa mnene kidogo kuliko wake? Au tochi ilikuwa karibu mno? Lakini namba kumi na nne ilikuwa imeshaondoka, inashuka Ngazi polepole, taa za breki zikiwaka na kuzimika, zikiwaka na kuzimika, mpaka kona ikaimeza.

Jumapili walikaa mezani, wote wanne. Kando ya kioo kulikuwa na jedwali jipya, kila safari imegawanywa mara mbili, kwenda na kusimama. Spana alikuwa amelichora juma zima. Kila usiku wa juma hilo alikuwa ameota nati.

"Siku ya tano," alisema Wembe kwa sauti yake ya kusimulia. "Kiroboto iko nusu ya njia hasa. Mkigeuza sasa hivi, mtasimama siku ya kumi, palepale mnapokwenda. Hewa ni ya siku nane. Nahodha, unasemaje?"

Dada alimtazama mumewe. Shemeji alikuwa anazungusha kete kwenye kiganja, ametulia kama mtu anayengoja chai.

"Geuzeni chombo," alisema. "Hewa itatosha. Nimeshakagua mitungi mwenyewe."

"Lini?" Dada akaruka. "Lini umekagua? Muongo!"

Wembe alicheka, dada akacheka, shemeji naye akacheka, na meza ikatikisika. Spana peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake usoni, na swali lilikuwa tayari ulimini. Akijibu "sikugusa kitu," je, ataweza kumwamini? Akijibu "niliikaza mimi," je, kesho atawezaje kuingia tena chini ya basi, na nani atakayempungia mkono getini? Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi namba kumi na nne itakuwa inamngoja.

Ungekuwa wewe, ungemuuliza?